Jeshi la Mguu Mmoja

Jana mchana, wala haikuwa usiku, Gaudensia Ndunguru aliota kwamba boksi lililokuwa chini ya kitanda chake limemwita kwa jina.

"Mama Hekima," likasema boksi. "Samahani kwa usumbufu. Kuna watu humu wamechoka kusimama."

Gaudensia hakushangaa kusikia boksi likiongea. Alishangaa kidogo tu kwamba linajua kuomba samahani, maana kabla ya kuwekewa vitabu lilikuwa boksi la sabuni ya mche.

Kabla hatujaingia naye humo ndani, inafaa tumjue. Gaudensia ana saluni pale Mbinga mjini. Anasuka, anaosha, anakausha nywele za watu, na katikati ya hayo yote ni mtunzi wa riwaya ndefu za falme, panga na majoka. Wachapishaji hawakuzitaka. Mmoja alimwambia majoka hayana soko. Mwingine alimshauri, kwa upole kabisa, aandike kitabu cha ufugaji wa kuku. Basi akajichapishia. Alihariri mwenyewe, akatafuta picha ya jalada mwenyewe, akabeba maboksi mwenyewe kutoka kiwandani. Juzuu ya kwanza na ya pili za Falme za Rungamezi zikakaa kwenye rafu ya saluni, kati ya mafuta ya nywele na shampuu, nyingine akazipeleka stendi. Wateja waliokaa chini ya draya walizichukua. Kwa jinsi alivyoona yeye, walijipepea nazo.

Juzuu ya pili aliimaliza kwa mkato. Alifanya makusudi. Mfalme Tandalu amefika na jeshi lake kwenye ukingo wa mto unaoitwa Hauvukiki, ng'ambo joka linawasubiri, na sentensi ya mwisho ya kitabu inasema, "Mfalme akainua mguu wake wa kulia, na jeshi lake kubwa likainua mguu wa kulia," basi. Mkato, halafu karatasi nyeupe, halafu neno "itaendelea" nyuma ya kitabu. Aliamini watu wangekuja mbio kudai juzuu ya tatu. Hakuja mtu. Na yeye mwenyewe, kila alipokaa kuandika namna jeshi lilivyouvuka mto ule, aliishia kufuta. Aliuita Hauvukiki kwa sababu ni jina linalotisha. Zaidi ya hapo hakuwa amefikiria kitu.

Ndiyo maana jana, walipotoka misa na kukaa mezani kula ugali na mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, alimwambia mume wake. Mume wake ni Osmund Kinunda, fundi wa mabomba ya maji, mtu ambaye maneno kwake hutoka kama maji ya mgao.

"Baba Hekima, mimi naacha kuandika. Kesho mama wa karanga anakuja kuchukua yale maboksi ya vitabu, akafungie karanga zake."

Osmund alimalizia tonge lake.

"Sawa," akasema. Akanawa, akachukua redio yake, akaenda kukaa barazani.

Ile sawa ilimuuma Gaudensia kuliko miaka yote ya kukosa wasomaji. Alikwenda kujilaza na gauni lake la kanisani, akageukia ukutani, na hapo ndipo boksi lilipomwita.

Anainama. Anavuta boksi, analifungua. Ndani kuna kitabu kimoja tu, juzuu ya pili, kikubwa kama mlango wa kanisa, na juu ya jalada amelala kenge.

Gaudensia anamfahamu huyo kenge. Wakati anatengeneza jalada alitafuta picha ya joka akakosa, akaweka ya kenge, akajipa moyo kwamba kwa mbali mtu hatambui.

"Dibaji kwanza," anasema kenge bila kufumbua macho. "Mimi ni jalada tu."

Nyuma ya jalada amesimama Dibaji, mwalimu mstaafu mwenye suti ya kahawia na kipaza sauti.

"Awali ya yote," anaanza Dibaji, "napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu, wazazi wangu, mume wangu, walimu wangu wa shule ya msingi, baba paroko, wateja wote wa saluni, fundi aliyenitengenezea pasi..."

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ndiye niliyekuandika. Naomba nikuruke."

"Marahaba. Ruka tu, mwanangu," anasema Dibaji akisogea pembeni, na kwenye sauti yake hamna uchungu wowote. "Wote huniruka. Angalia ngazi hapo."

Gaudensia anamruka. Anatua kwenye korido ndefu, na ukutani zimepangwa sura, moja baada ya nyingine. Ni sura kweli, zina macho na pua na midomo. Sura ya kwanza imepakwa poda na wanja, kwa sababu aliiandika upya na upya mpaka ikachoka. Sura ya pili inafanana nayo, ila haikupakwa kitu. Sura ya tisa inatoka jasho. Aliiandika akiwa na malaria.

"Shikamoo mama," inasema sura ya tisa.

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Naona vitu viwili viwili. Hata ukurasa wangu mmoja umejirudia."

"Hilo ni kosa la kiwanda."

"Ndivyo wanavyosema wote," inasema sura ya tisa, na kufumba macho.

Mwisho wa korido kuna sura ya mwisho. Yenyewe haisalimii. Mdomo wake uko wazi, kama mtu aliyetaka kusema neno akaambiwa asubiri kidogo. Nzi anaingia na kutoka anavyotaka. Gaudensia anachungulia, anaona kwamba njia inapita humo. Anavua viatu kwa heshima, anakanyaga mdomo wa chini, anaomba radhi, anaingia.

Akatokea kwenye ukingo wa mto.

Mbele yake, mpaka jicho linapoishia, watu walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja. Mikuki ilikuwa mikononi, ngao mabegani, na miguu yote ya kulia ilikuwa hewani. Upepo ukivuma walipepesuka wote pamoja, kisha wakarudi wote pamoja, kama shamba la mahindi. Na mbele yao wote alisimama Mfalme Tandalu, mrefu, mwenye taji na ndevu, sawasawa na alivyoandikwa. Kwenye kidole gumba cha mguu wake ulioinuliwa ndege alikuwa amejenga kiota.

"Shikamoo, Mama Mtunzi," akasema mfalme.

"Shikamoo!" likasema jeshi.

"Marahaba, wanangu. Habari za siku?"

"Siku zenyewe ni ndefu," akasema mfalme. "Mama, mimi siwezi kulalamika. Uliandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba Tandalu hakujua kulalamika, na kweli sijui, nimejaribu nikashindwa. Lakini nakuomba uutazame huu mguu."

Gaudensia aliutazama. Makinda ya ndege yalifungua midomo yakidhani ameleta chakula.

"Kwa nini msiushushe tu?"

Mfalme akaonyesha kwa kidevu. Chini, mbele ya kidole chake, palikuwa na mkato. Ulikuwa mweusi, mkubwa kama mundu wa kukatia majani, umejichimbia ardhini.

"Baada ya mkato lazima lije neno," akasema mfalme. "Kushusha mguu bila neno ni kosa la kisarufi. Sisi tumelelewa vizuri."

Gaudensia aliushika ule mkato kwa mikono miwili akavuta. Haukutikisika. Aliuweka mwenyewe, akaukandamiza kwa kiburi cha siku ile, na sasa ulikuwa umeota mizizi.

Kutoka ng'ambo sauti nzito ilimwita. Lilikuwa ni joka. Lilikuwa kubwa kama jengo la halmashauri, lina magamba ya rangi ya shaba na mabawa mawili mazuri, na lilikuwa limeachama. Ndani ya koo kulikuwa na mwali mdogo kama wa kibiriti.

"Mama," likasema joka, "moto nimeubana tangu juzuu ya pili. Kiungulia nilichonacho siwezi kukuelezea."

"Pole sana."

"Asante. Halafu kuna ile picha ya jalada. Nilikuwa nimekusudia tuongee."

"Naomba radhi."

"Kenge, mama."

"Naomba radhi kwa kweli."

"Hata mabawa hana," likasema joka, likageuza uso kidogo ili watu wasione machozi.

Gaudensia akaona hapa hakuna la kungoja. Anapapasa mfukoni atafute kalamu, anakuta chanuo. Anachukua chanuo, anapiga magoti, na mara tu baada ya ule mkato anaandika kwenye mchanga, kwa herufi nzuri, *wakauvuka mto*. Jeshi zima linainama mbele. Miguu inaanza kushuka.

Mto ukakohoa.

"Hapana," ukasema mto. "Mimi naitwa Hauvukiki."

"Najua. Mimi ndiye niliyekupa hilo jina."

"Sikuliomba. Mimi ningependa kuitwa Neema. Lakini ndilo jina lililochapwa, na mto hauwezi kuishi kinyume cha jina lake."

"Basi nakubadilisha jina sasa hivi."

"Jina lililochapwa hubadilishwa na toleo jipya," ukasema mto kwa sauti ya karani aliyekula akashiba. "Na toleo jipya hutoka kiwandani. Kiwanda ni kile pale."

Gaudensia anageuka kutazama pale, na tayari yuko kiwandani.

Kiwandani vitabu vinachapwa. Vimepanga foleni, vimeinama, na fundi mwenye ovaroli la buluu anavichapa kwa fimbo ya mpera kimoja kimoja. Kitabu cha mapishi kinaondoka kikijikuna. Kitabu cha hesabu hakilii hata kidogo. Kitabu chembamba cha mashairi kinalia kabla hakijaguswa.

"Toleo jipya?" anauliza fundi.

"Ndiyo, baba. Nataka kubadilisha jina la mto."

"Una kampuni au unajichapishia?"

"Najichapishia."

Fundi anampa fimbo. "Basi jichape."

"Nijichape wapi?"

"Wengi huanza na kiganja."

Gaudensia anajichapa kiganja. Inauma. Pale fimbo ilipopita panatokea herufi H, nyeusi, imenyooka vizuri.

"Una mkono mzuri," anasema fundi. "Haya, peleka madirishani wakupitishie."

Kuna madirisha mawili. Kwenye dirisha la mhariri amekaa Gaudensia mwenye miwani. Kwenye dirisha la mauzo amesimama Gaudensia mwenye boksi kichwani. Wote wamesukwa mtindo wa twende kilioni, na wote wanaonekana hawakulala vizuri.

Gaudensia anaweka kiganja kwenye dirisha la kwanza. Mhariri anakisoma, anakigeuza, anakisoma upande wa pili.

"Jina la mto libadilike," anasema mhariri. "Sawa. Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya wasomaji."

"Wasomaji gani, mama?"

Gaudensia anafungua mdomo, na hakuna kinachotoka. Anajiona yuko kama ile sura ya mwisho. Hata nzi anakuja.

"Mimi nimesoma kila neno lako," anaendelea mhariri, na sasa sauti imelainika. "Lakini mimi ni wewe. Hiyo haihesabiki. Tena nimechoka. Nilifurahi uliposema tunaacha."

Katika ndoto yote Gaudensia hakuwa ameogopa kitu, si boksi wala joka, ila hapo aliogopa, kwa sababu yule mwanamke wa dirishani alikuwa akisema kweli. Alitaka kurudisha fimbo na kwenda zake.

Yule wa mauzo akatua boksi lake.

"Hebu niulize," akasema. "Kule mtoni kuna askari wengi sana. Uliwaandika wote?"

"Niliandika 'jeshi kubwa'. Niliandika wa mstari wa mbele tu. Waliobaki sikuwapa hata majina."

"Sasa wale wengine wametoka wapi?"

Mhariri akavua miwani. Wakatazamana wote watatu.

"Mimi huwa nauza, narudi zangu nyumbani," akasema wa mauzo. "Mtu akishaondoka na kitabu simwoni tena. Nenda kawaangalie."

Gaudensia anatoka kwa mlango wa nyuma wa kiwanda, na mlango wa nyuma wa kiwanda unatokea mtoni, katikati ya jeshi. Anaanza kupita kati ya mistari. Mstari wa mbele ni kama alivyouandika, wanaume wa mikuki wenye makovu ya kupendeza. Mstari wa pili anamkuta mwanamke mwenye aproni. Badala ya mkuki ameshika mwiko.

"Dada, wewe ni wa kikosi gani?"

"Mimi ni wa Makambako," anasema mwanamke. "Nina mgahawa. Kitabu nilikinunua stendi, nikasoma huku nasonga ugali. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikainua mguu, na huo ugali ukaungua."

"Ulisoma mpaka mwisho?"

"Dada yangu, mtu anaishia katikati? Lile joka limeshatokea!"

Nyuma yake amesimama nesi na gauni lake jeupe. Yeye aliwasomea wagonjwa, na wodi nzima ikainua mguu, pamoja na yule mwenye plasta. Nyuma ya nesi yuko dereva wa bodaboda na helmeti yake, amelala usingizi kwa mguu mmoja. Na nyuma ya huyo, nywele zimesukwa upande mmoja tu, yuko Kolumba Komba, mteja wa saluni wa miaka mingi.

"Kolumba! Wewe si ulikuwa unajipepea?"

"Nilijipepea sehemu za joto," anasema Kolumba. "Lile joka likipumua, da Gaude, unataka nifanyeje?"

"Mbona hamkuniambia? Mbona hakuna hata mmoja aliyekuja kuuliza?"

Wanatazamana. Anajibu yule wa mgahawa, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi.

"Nyuma ya kitabu uliandika 'itaendelea'. Tukajua itaendelea."

Gaudensia akashika bega la nesi, nesi akashika la dereva, na mstari mzima ukayumba. Aliendelea kupita, akiwapa pole, akiwashika mikono, akisikia wapi kila mmoja alikuwa amekaa aliposoma. Mmoja alisoma lindoni. Mmoja alisoma msibani, akaomba asitajwe. Akafika mpaka mstari wa mwisho kabisa, na hapo, nyuma ya askari mnene mwenye ngao, aliona suruali anayoifahamu. Aliipiga pasi mwenyewe asubuhi.

"Baba Hekima?"

"Hujaniona," akasema Osmund.

Alikuwa amesimama kwa mguu wa kushoto, redio kwapani, jasho linamtoka. Ule wa kulia ulikuwa unatetemeka.

"Wewe husomi mambo ya majoka. Umesema mwenyewe, mbele ya dada yangu."

"Nasoma chooni."

"Vyote viwili?"

"Cha pili mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa."

"Sasa miaka yote hii, Osmund, ulishindwa kuniambia?"

Osmund alifikiri. Hata katika ndoto alichukua muda wake.

"Juzuu ya kwanza ilipotoka ulisema ukitaka maoni yangu utaniomba. Nikasubiri uniombe."

"Na leo nimekwambia naacha, ukasema sawa!"

"Mguu ulikuwa unauma," akasema Osmund. "Ningeongea zaidi ningeanguka."

Gaudensia alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kile kiganja chenye herufi H. Halafu akasikia aibu kumwona mume wake anavyotetemeka.

"Na mto wenyewe hauvukiki," akasema. "Kiwandani wamenishinda. Jeshi lote hili litakufa kwa mguu mmoja."

"Mimi simo," akasema Osmund.

"Humo kwenye nini?"

"Kwenye jeshi. Mimi ni fundi bomba. Nimekuja kusoma tu."

Gaudensia alimtazama. Akamtazama nesi, na yule wa mwiko, na Kolumba mwenye nusu kichwa. Kisha akaanza kukimbia kuelekea mtoni, huku amekunja gauni mkononi, watu wakimpisha kwa kurukaruka.

"Wewe mto!" akaita. "Nisomee ulivyoandikwa. Neno kwa neno."

Mto ukakohoa tena. "'Tangu dunia iumbwe, hakuna jeshi lililowahi kuuvuka mto Hauvukiki.'"

"Hakuna nini?"

"Jeshi."

"Na mtu mwenye mwiko?"

Maji yalisimama kidogo, yakazunguka mahali pamoja, kama mtu anayejikuna kichwa.

"Mtu mwenye mwiko sikuandikiwa," ukasema mto hatimaye.

"Fundi bomba?"

"Fundi bomba wala sijawahi kusikia."

Gaudensia akamgeukia mfalme. "Tandalu, mwanangu. Weka mkuki chini."

Mfalme akashtuka. "Mama, mimi nikiweka mkuki chini ni nani?"

"Ni mtu anayetaka kuvuka mto."

Mfalme Tandalu aliutazama mkuki wake. Aliubeba juzuu mbili nzima, na aliupenda. Akautazama mguu wake. Kisha akauinamisha mkuki taratibu, akaulaza kwenye nyasi, na nyuma yake jeshi zima likaanza kulaza mikuki na ngao, kwa kelele kama za mabati yanaposhushwa kwenye lori. Mfalme akavua na taji. Akachukua kile kiota kidoleni mwake, akakiweka ndani ya taji, na taji akampa Kolumba alishike.

"Samahani," likasema joka kutoka ng'ambo. "Sipendi kuingilia. Lakini mimi nimeandikiwa kuteketeza jeshi. Kama hakuna jeshi, mimi nifanye nini na huu moto?"

"Kuna mama hapa ana mgahawa," akasema Gaudensia. "Ugali wake uliungua, na watu ni wengi, na hawajala."

Joka likafikiri. Mwali wa kooni ukacheza kushoto na kulia.

"Ugali unataka moto wa wastani," likasema.

"Ndiyo, wa wastani!" akapaza sauti yule wa Makambako. "Na usipulize kabla sijakwambia!"

"Sitapuliza, mama," likasema joka, na kwa mara ya kwanza lilitabasamu, jambo ambalo halikuwa zuri kulitazama lakini wote walilifurahia.

Gaudensia anapiga magoti. Anafuta yale maneno ya mwanzo. Baada ya mkato anaandika kwa chanuo, pole pole, akisema kila neno kwa sauti ili wa mstari wa mwisho naye asikie: *wakalaza silaha zao chini, wakaacha kuwa jeshi, wakauvuka mto.*

"Haya," ukasema mto. "Karibuni. Angalieni mawe."

Miguu yote ya kulia ikashuka kwa pamoja. Mfalme na nesi na dereva aliyekuwa usingizini, na mbali kule nyuma Osmund na redio yake, wote wakakanyaga maji kwa wakati mmoja, na ule mshindo wa maji ndio uliomwamsha Gaudensia.

Alikuwa kitandani, amegeukia ukutani. Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye kabati. Alitazama kiganja chake. Kilikuwa safi. Alichungulia chini ya kitanda. Boksi lilikuwa boksi, limeandikwa sabuni, halina la kusema.

"Mbasa huyu," akajisemea. Akaona ni kushiba tu.

Lakini sentensi ile aliikumbuka. Aliirudia kimoyomoyo, akaitafutia kasoro, akaikosa. Alichukua simu akampigia mama wa karanga, akamwambia asije, maboksi hayatoki. Mama wa karanga akauliza kama bei haikumridhisha. Gaudensia akasema hapana, ni kwamba watu bado wanavitumia. Kisha alichukua kalamu na karatasi, akaandika sentensi yake kabla haijapoa, na chini yake nyingine, na nyingine tena. Alipojaza ukurasa akakumbuka kwamba kuna jambo alisema ataliomba na hakuwahi kuliomba. Akatoka na ile karatasi kwenda barazani.

Osmund alikuwa kwenye kiti chake, redio mapajani ikitangaza mpira. Kiwanja kilikuwa kikavu, vumbi tupu, na kuku wakijifukia ndani yake. Alikuwa amenyoosha mguu wa kulia juani na anausugua pajani, uso umekunjamana kama wa mtu aliyekufa ganzi.

Suruali yake, upande wa kushoto, ilikuwa na mstari wa pasi kama ilivyotoka kabatini. Upande wa kulia ilikuwa imelowa chapachapa, mpaka gotini. Kiatu cha kulia kilikuwa kimevuliwa, kimeinamishwa ukutani kichuruzike maji.

Gaudensia aliutazama mguu. Akamtazama mume wake. Osmund akapunguza sauti ya redio, kisha akaiongeza, kisha akaipunguza tena.

"Baba Hekima, hayo maji ya wapi?"

Osmund alikamua upindo wa suruali.

"Sijui," akasema. "Ila ya baridi." Akanyoosha mkono kupokea ile karatasi.